Tuwakaribishe Wanafunzi Mashambani Mwetu



Chama chetu Kikuu kinatimiza miaka kumi, nasi twaulizana: nani atashika jembe baada yetu? Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere, katika Elimu ya Kujitegemea, alitaka kila shule iwe pia shamba. Lakini hapa Kilimanjaro ardhi ni finyu, na vihamba vimegawanywa baba kwa mwana.

Basi twaomba kila mwanachama awezaye atenge pembe ya kihamba, mahali migomba isipozuia jua, wanafunzi walime mboga. Mchicha huchumwa baada ya majuma machache. Mbuni hutaka miaka mitatu hivi. Mtoto na ajifunze bidii ya kwanza na subira ya pili.

Twaijua hofu iliyopo, kwamba mgeni wa leo asije akawa mdai wa kesho. Kwa hiyo mapatano yaandikwe mbele ya mwalimu mkuu na mashahidi: ardhi ni ya mwenyewe, mavuno ni ya wanafunzi, muda ni msimu mmoja, wala usipandwe mti wa kudumu. Na mwenye shamba naye asiwageuze watoto vibarua wa kahawa yake.

Samaki mkunje angali mbichi.