Huruma Inayofanya Mazoezi



Tufungue pamoja barua kwa Wagalatia, sura ya 6, mstari wa 2 na mstari wa 9. Katika ule wa kwanza mtume Paulo anafundisha kubebeana mizigo. Katika ule wa pili anawatia moyo watenda mema ili wasichoke. Leo tunaiweka mistari hiyo miwili pamoja, kwa sababu mzigo wa mgonjwa wa kansere ni mzigo wa miezi mingi, na katika miezi hiyo upendo wa watu huchoka.

Tutachukua mfano wa mchezo. Kuna mashindano yanayoitwa triatloni. Mtu anaogelea, akitoka majini anapanda baiskeli, akishuka anakimbia kwa miguu. Hakuna kupumzika katikati. Saa inahesabu hata anapofunga kamba za viatu. Mashindano ya namna hiyo yalianza San Diego, Marekani, mwaka 1974, na mwaka 2000 yakaingia katika Michezo ya Olimpiki kule Sydney. Anayejaribu kwa mara ya kwanza huchagua ile fupi: mita 750 majini, kilomita 20 kwa baiskeli, kilomita 5 kwa miguu. Kilomita 20 hazifiki mwendo wa kutoka Goma mpaka Sake. Tunao ndugu wanaosukuma baiskeli za makala mbali zaidi ya hapo, wala hakuna anayewavika medali!

Lakini kwa mtu aliyezoea kukaa ofisini, mbio hiyo ni mlima. Anajitayarisha kwa miezi mitatu au zaidi. Maji ndiyo yanayoogopesha wengi. Lazima ajifunze kuweka uso majini, kutoa pumzi humo, kisha kugeuza kichwa pembeni na kuvuta hewa, bila haraka. Aliyejifunza katika bwawa anakuta ziwani mambo ni mengine: haoni chini, mawimbi yanampiga, na hawezi kusimama akichoka. Kwa hiyo haendi peke yake. Kisha kuna zoezi la kushuka kwenye baiskeli na kuanza kukimbia palepale. Dakika za kwanza miguu inakuwa mizito kama ya mtu mwingine. Dawa yake ni kulirudia zoezi hilo mpaka mwili ulizoee. Na kuna siku za kupumzika, zilizoandikwa katika ratiba kama kazi nyingine, maana mwili unajengeka wakati wa kupumzika.

Sasa, kwa nini tunaongea juu ya mchezo katika kipindi cha Neno? Kwa sababu watu wengi wanaojitesa hivyo wanafanya kwa ajili ya wagonjwa. Mtu anawaambia jamaa, majirani na wenzake wa kazi: “Nitaogelea, nitaendesha, nitakimbia. Ninyi toeni kitu kwa ajili ya wagonjwa wa kansere.” Feza hazibaki mfukoni mwake. Zinakwenda kwenye shirika linalosaidia wagonjwa au linalolipia kazi ya kutafuta dawa.

Mwaka 1988 baba mmoja wa Marekani, ambaye binti yake mdogo alikuwa na kansere ya damu, alikusanya kundi la watu 38. Walifanya mazoezi pamoja na kukimbia mbio ndefu ya New York, na kundi hilo likaleta dola 322,000. Kutokana na kundi hilo ulizaliwa mpango wa kufundisha watu wa kawaida mbio, baiskeli na triatloni huku wakichangisha kwa ajili ya wagonjwa.

Kabla yao alikuwepo kijana wa Kanada, Terry Fox. Mwaka 1977, akiwa na miaka 18, alipatikana na kansere ya mfupa, na mguu wake wa kulia ukakatwa juu ya goti. Hospitalini aliona watoto wakiteseka, na hakuweza kuwasahau. Akaamua kukimbia nchi yake yote, kutoka bahari mpaka bahari, kwa mguu mmoja wa nyama na mmoja wa kutengenezwa, ili kila Mkanada atoe dola moja.

Wapendwa, hakuanza siku ileile. Alifanya mazoezi zaidi ya mwaka mmoja, akimaliza zaidi ya kilomita 5,000 kabla ya safari yenyewe. Kisiki cha mguu kilikuwa kikitoka malengelenge na damu. Alikimbia siku 101 mfululizo, akapumzika siku ya Noeli kwa sababu mama yake alimwomba. Tarehe 12 Aprili 1980 alichovya mguu wa kutengenezwa katika Bahari ya Atlantiki, akaanza. Kila siku alitafuta kumaliza kilomita karibu 42. Mwanzoni watu waliotoa walikuwa wachache. Baadaye miji mizima ilitoka kumpokea.

Tarehe 1 Septemba alisimama. Kansere ilikuwa imefika kwenye mapafu. Alikuwa amekimbia siku 143 na kilomita 5,373, na bahari ya upande wa pili hakuiona katika mbio ile. Lakini kufikia Februari 1981 michango ilipita dola milioni 24, sawa na dola moja kwa kila mtu wa Kanada wakati ule. Alifariki tarehe 28 Juni 1981, akiwa na miaka 22. Tangu mwaka ule watu wa nchi nyingi wanakimbia kwa jina lake kila mwaka, nao wanaendelea kuchangia utafiti wa kansere.

Tunajifunza nini? Tunajifunza kwamba huruma inahitaji ratiba.

Tazameni jinsi mambo yanavyokwenda nyumbani kwa mgonjwa. Juma la kwanza, viti havitoshi. Chorale inaimba, wamama wanaleta unga na sukari, kila mmoja anaomba kwa sauti. Mwezi wa tatu, mgonjwa anasikia mlango ukifunguka na anajua ni mtoto wake tu. Wale watu hawakumchukia. Walikuja kwa nguvu ya machozi, na machozi hukauka. Lakini dawa za kansere mara nyingi hutolewa kwa awamu: mgonjwa anapata dawa, anapumzika majuma mawili au matatu, anarudi tena, hata miezi mingi. Kila awamu inataka feza za njia, chakula, na mtu wa kumshika mkono akitapika. Awamu ya tano inataka watu walewale wa awamu ya kwanza.

Kwa hiyo, kama mwenye triatloni anavyoandika siku ya maji, siku ya baiskeli na siku ya miguu, tuandike nasi. Katika kila kikundi cha maombi, watu saba wanatosha kwa mgonjwa mmoja. Mmoja atamsindikiza hospitali. Wawili watapika kwa zamu. Mmoja atafua. Mmoja atakaa na watoto siku ya Posho. Mmoja atachangisha. Mmoja atashika daftari, aandike kila franka iliyoingia na iliyotoka, na kulisoma mbele ya wote pamoja na familia ya mgonjwa. Feza za mgonjwa zikipotea mara moja, mgonjwa atakayefuata ndiye atakayelipa. Na kila mmoja awe na siku yake ya kupumzika, ili tusichoke wote kwa pamoja.

Tuseme na hili wazi. Kansere si laana, wala haiambukizwi kwa kukaa karibu na mgonjwa au kula naye. Mama akisikia uvimbe katika ziwa, au akitokwa na damu baada ya hedhi kukoma, aende kwa munganga mapema. Tutamwombea njiani, tutamwombea akirudi. Maombi na hospitali havigombani. Anayemfungia mgonjwa nyumbani akingoja muujiza anamnyima miezi ambayo dawa ingeweza kufanya kazi.

Labda hatutaona mwisho wa kila mbio tunayoanza. Terry Fox hakuuona wa kwake, na wengine wakauchukua mzigo pale alipouacha. Mgonjwa wetu anaweza kupona, anaweza pia kulala katika Bwana. Kwa vyovyote asifike huko akiwa peke yake.

Kazi ya juma hili: kila kikundi kitaje jina la mgonjwa mmoja, kichukue karatasi, kiandike majina saba na siku saba. Karatasi hiyo tuibandike ukutani kwake, aisome mwenyewe na kujua nani anakuja kesho.

Bwana atupe nguvu za juma la kwanza katika mwezi wa tatu. Amina.