Walioitwa Rafiki



Katika Injili ya Yohana, sura ya 15, Bwana anawapa wanafunzi wake jina jipya. Hawaiti tena watumwa, bali rafiki, kwa maana mtumwa hafunuliwi shauri la bwana wake. Katika nchi nyingine maneno hayo yaweza kusomwa kwa haraka, lakini si Bagamoyo. Hapa ndipo misafara ya karne ya 19 ilipoifikia bahari, ikileta pembe za ndovu, ikileta na wanadamu waliouzwa kama bidhaa.

Hapa ndipo pia, mwezi wa Februari 1874, walipofika watu waliobeba mwili wa Dkt. David Livingstone. Mwanzoni mwa Mei 1873, katika kijiji cha Chitambo, nchi iitwayo leo Zambia, alikutwa amefariki usiku, akiwa amepiga magoti kando ya kitanda chake. Sala yake ya mwisho haikuwa na msikilizaji ila Mungu.

Msafara uliongozwa na Abdullah Susi na James Chuma. Chuma alikuwa amekombolewa utumwani mwaka 1861. Jacob Wainwright, naye mtumwa aliyekombolewa na kusomeshwa Nasik, Uhindi, ndiye aliyesoma ibada ya maziko, moyo wa marehemu ulipozikwa chini ya mti. Kisha mwili ukabebwa kwa miezi mingi. Karibu na Tabora, Luteni Cameron aliwashauri wauzike huko, wakakataa. Iliwalazimu hata kuufunga kama mzigo wa nguo, kwa kuwa wenyeji wa njiani waliogopa maiti kupitishwa katika nchi yao. Hakuna aliyewashurutisha. Bwana wao alikuwa amekufa, wala asingeweza kuwalipa wala kuwaadhibu. Mtumwa angalitua mzigo pale pale. Hao waliubeba hadi pwani.

Si wote walikuwa Wakristo. Susi alibatizwa Unguja mwaka 1886, miaka 12 baada ya safari hiyo. Hata hivyo uaminifu wao wamfundisha Mkristo jambo hili: urafiki na Yesu una magoti, tena una mabega. Magoti bila mabega huwa maneno matupu. Mabega bila magoti huchoka upesi.

Kanisa la Kilutheri katika pwani hii limeishi kwa njia hiyo hiyo. Kazi ilianza Dar es Salaam mwaka 1887. Wamisionari wa Kijerumani walipoondolewa kwa sababu ya Vita Kuu ya Kwanza, walimu wenyeji waliendelea kuwakusanya waumini kwa Neno na sala.

Usharika unaotimiza miaka 100 una jaribu lake: kuhesabu majengo, na kuwasahau wanaofagia kanisa alfajiri, wanaowaosha wagonjwa, wanaomwombea jirani mlango ukiwa umefungwa. Mtu aweza kutumika kanisani miaka mingi akiwa bado mtumwa, akihesabu zamu na kungoja kusifiwa. Rafiki hukaa kwanza kimya mbele za Bwana, apate kujua shauri lake; kisha huinuka, akajitwika mzigo usio na shukrani.

Bwana awape watu wake neema hiyo katika karne ya pili. Amina.