Kuhara Damu kwa Vifaranga: Dalili, Tiba na Kinga Wakati wa Masika

Mafunzo kwa wafugaji wa kuku wa kienyeji, Kaunti ya Kwale



Masika ni neema kwa shamba, lakini kwa banda la kuku huja na hasara yake. Mfugaji hulala akiwa na vifaranga 40 wazima. Asubuhi hukuta watatu wamejikunyata pembeni, mbawa zimelegea, na kinyesi chenye damu juu ya maranda. Baada ya siku chache banda limebaki na nusu. Vifaranga hao ndio waliotarajiwa kuwa majogoo wa kuuzwa shule zikifunguliwa, na matetea wa kutaga mayai ya nyumbani. Hasara hii yaweza kuzuiwa, mradi mfugaji aujue ugonjwa mapema.

Ugonjwa huu ni koksidiosisi, ambao wengi huuita kuhara damu. Huletwa na vimelea vidogo visivyoonekana kwa macho, vinavyoishi ndani ya utumbo wa kuku. Kuku aliyeambukizwa hutoa mayai ya vimelea katika kinyesi. Mayai hayo yakipata joto na unyevu hukomaa kwa siku moja au mbili tu. Kifaranga akidonoa chakula au maji yaliyochafuliwa, vimelea huingia utumboni, huzaana na kuchana ngozi ya ndani ya utumbo. Ndiyo maana damu hutoka.

Wanaoumia zaidi ni vifaranga wa wiki 3 hadi 6. Kuku wakubwa wengi wameshajenga kinga, hivyo hubeba vimelea bila kuonyesha dalili. Kuwalea vifaranga katika banda moja na kuku wakubwa, juu ya kinyesi kile kile, ni kuwaweka karibu na ugonjwa.

Dalili za kuangalia ni hizi:
- Kifaranga hujikunyata, manyoya yamesimama, macho yamefumba.
- Hupunguza kula lakini huendelea kunywa maji.
- Kinyesi huwa chepesi, chenye damu au rangi ya kahawia.
- Kishungi na miguu hupauka kwa kupungukiwa damu.
- Vifo hutokea vikifuatana kwa siku chache.

Mfugaji asichanganye ugonjwa huu na mengine. Kideri mara nyingi huleta kinyesi cha kijani, kukoroma na kupinda shingo. Gumboro, ambayo pia hupenda umri huu, huleta kinyesi cheupe cha majimaji. Hayo mawili hayana dawa ya kutibu. Kinga yake ni chanjo. Tena si kila kuhara damu huanza kwa damu kuonekana. Kwa hiyo, kifaranga akifa, apelekwe mara moja kwa afisa wa mifugo wa wadi ili apasuliwe na kuchunguzwa.

Kuhusu tiba, dawa inayotumika sana ni ya amproliamu, ambayo huchanganywa katika maji ya kunywa. Sababu ya kutumia maji ni rahisi: kifaranga mgonjwa huacha kula kabla hajaacha kunywa. Mfugaji afuate hatua hizi:

1. Awatenge walio wagonjwa, lakini awape dawa vifaranga wote. Wanaoonekana wazima wameshadonoa uchafu ule ule.

2. Apime maji yanayokwisha kwa siku moja, kisha achanganye dawa ya kiasi hicho tu. Maji yenye dawa yatengenezwe mapya kila asubuhi, na maji mengine yote yaondolewe.

3. Afuate kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Vijiko vya nyumbani havilingani; ni bora dawa ipimwe kwa mizani dukani. Kuzidisha ni sumu, na kupunguza huvizoesha vimelea dawa.

4. Amalize siku zote zilizoelekezwa, hata kama damu imekoma siku ya pili.

5. Asichanganye vitamini katika maji yenye amproliamu. Dawa hii huvinyima vimelea vitamini B1, na mfugaji akiiongeza huwa anavilisha. Vitamini zitolewe baada ya dozi kwisha, ili vifaranga warudishe nguvu.

6. Kifaranga asiyeweza kunywa adondoshewe maji hayo mdomoni kidogo kidogo, mara nyingi kwa siku.

Vifaranga wasipopata nafuu baada ya siku mbili au tatu za dawa, mfugaji asibadilishe dawa kwa kubahatisha. Amwite mhudumu wa mifugo aliyesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya.

Dawa pekee haitoshi ikiwa banda linabaki limelowa. Siku dawa inapoanza, maranda yaliyolowa yaondolewe na kupelekwa mbali na kuku. Dawa nyingi za kuulia vijidudu haziyaui mayai ya vimelea hivi; yanayoyashinda ni ukavu na joto kali. Vyombo vioshwe kwa sabuni na kuanikwa juani. Mizoga ichomwe au izikwe kwa kina, isitupiwe mbwa.

Kinga ni bora kuliko tiba. Kabla ya mvua, makuti yanayovuja yazibwe na mtaro uchimbwe kuzunguka banda. Maranda au maganda ya mpunga yawe makavu, yageuzwe mara kwa mara, na yanayolowa karibu na chombo cha maji yabadilishwe siku hiyo hiyo. Chombo cha maji kiinuliwe kufikia usawa wa mgongo wa kifaranga, asiweze kukanyaga wala kunyea ndani. Vifaranga wasisongamane. Anayenunua chakula cha vifaranga aulize kama kina dawa ya kuzuia koksidiosisi. Anayesaga chakula nyumbani ajue kwamba chake hakina, hivyo usafi ndio ngao yake.

Vimelea hivi vya kuku haviambukizi binadamu, lakini mikono ioshwe kila baada ya kazi ya banda, na mzoga usiliwe.

Dalili ya mvua ni mawingu. Mfugaji anayeangalia kinyesi cha vifaranga kila asubuhi huuona ugonjwa ungali kwa kifaranga mmoja. Akimwona huyo mmoja, asingoje wa pili: awasiliane na afisa wa mifugo wa wadi yake siku hiyo hiyo.