Bustani Isiyogusa Maji ya Bomba
Mada iliyowasilishwa kwenye semina ya wajumbe wa mitaa na vikundi vya kina mama, Dodoma



Sote tunaijua mvua ya Dodoma. Huanza kuchungulia mwishoni mwa Novemba, Aprili imeshaaga, kisha ni vumbi na upepo mpaka mwaka uzunguke. Tunapata wastani wa milimita 550 hadi 600 tu kwa mwaka. Tegemeo letu kubwa ni visima vya Mzakwe, katika bonde la Makutupora, na tangu serikali itangaze kuhamia hapa mwaka 2016, wanaovitegemea wameongezeka sana.

Msimamo wangu ni huu: katika mji huu maji ya bomba ni ya kunywa, kupikia na usafi. Mchicha, mpapai na maua ya mlangoni vinywe maji ambayo nyumba imekwisha kuyatumia, au yaliyoshuka kutoka paani. Najua wapo watakaosema bustani itakufa. Yangu inaishi hivyo, na nitawaeleza namna.

Lakini kwanza nyumba yenyewe isivuje. Mwaka jana bili yangu ilipanda, nikailaumu mita. Fundi akaniambia nitie bluu ya kufulia kwenye tangi la choo, kisha nisivute maji kwa nusu saa. Niliporudi, sinki la choo lilikuwa la buluu. Mpira wa ndani ya tangi ulikuwa umechakaa, maji yakiteleza usiku na mchana bila sauti. Niliumia sana, maana jirani zangu walikuwa wakisubiri mgao na ndoo zao mlangoni. Hata bomba linalodondosha tone moja tu kila sekunde hujaza ndoo ya lita 20 kwa siku. Kwa mwezi ni ndoo 30, na uniti moja ya mita ni ndoo 50.

Sasa tuyafuate maji yanakokwenda. Maji ya kuoshea mchele na mboga huwa tunayarusha uani, yanaishia kuwa tope la kuku. Kwangu yanakingwa kwenye beseni na kupelekwa kwenye matembele. Maji ya kusuuzia nguo huenda kwenye migomba na mipapai. Yale ya povu la kwanza, yenye sabuni nyingi, tunayamwaga chooni, kwani chumvi ya sabuni huharibu udongo. Maji ya sabuni yasiguse majani ya mboga, wala yasilale kwenye ndoo. Yatanuka na kuleta mbu.

Maji hayo ni machache, kwa hiyo kazi kubwa ni kuyafanya yakae ardhini, na hapa hatuhitaji mwalimu kutoka mbali. Kijiji cha Chololo, hapa hapa Dodoma, ndicho kilichoyapa jina mashimo ya Chololo: vishimo vyenye upana wa sentimita 22 na kina cha sentimita 30 hivi. Mkulima hutia humo majivu, samadi na mabaki ya mazao, maji ya mvua yakatuama kwenye shina badala ya kutiririka. Uani kwetu tunafanya kinyume kabisa: tunainua matuta kana kwamba tuko Bukoba kwenye mvua nyingi. Tuta la Dodoma lizamishwe chini ya usawa wa ardhi, kisha lifunikwe kwa majani makavu. Mwagilia jioni jua likishapoa, na kabla ya kumwagilia chomeka kidole kwenye udongo. Kikitoka na unyevu, acha mpaka kesho. Kwa mche wa nyanya, toboa kizibo cha chupa ya plastiki kwa sindano ya moto, kata kitako, ichimbie kichwa chini karibu na shina. Maji yatashuka taratibu mizizini.

Na paa je? Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la bati la mita 8 kwa 10 hupokea lita 44,000 mvua ikiwa milimita 550. Ukitoa sehemu ya tano inayopotea, zinabaki lita 35,000 hivi, zaidi ya ndoo 1,700. Tangi la lita 5,000 ni ghali, sitawaficha. Anza na gata upande mmoja na pipa la lita 200 lenye mfuniko, na maji ya mvua ya kwanza yaache yapite na vumbi la bati. Pipa likijaa, yanayozidi yaelekeze kwenye shimo la mgomba.

Ndugu washiriki, naomba jambo moja. Leo usiku, wote wakishalala na mabomba yote yamefungwa, soma mita na uandike namba. Alfajiri, kabla mtu hajateka maji, isome tena: namba ikiwa imesogea, nyumba inavuja. Kikao kijacho kila mjumbe aje na namba zake mbili, tuanzie hapo.