Kungoja: Kupanda na Kushuka kwa Moyo wa Mwandishi

Waandaaji wa semina hii waliniomba nizungumzie hisia za mwandishi, furaha zake na huzuni zake. Nilipoitafakari mada niliona kwamba nikiigawa nusu kwa nusu, furaha huku na huzuni kule, nitakuwa nimewadanganya. Kwa wengi wetu kuandika kwenyewe hakuvunji moyo. Kinachovunja moyo ni kungoja. Hilo ndilo nitakalolitetea asubuhi hii, na mwenye hoja ya kunipinga nitamsikiliza kwa furaha.

Nianze na kuandika. Usiku umeandika kurasa tatu, umelala ukiwa na hakika kwamba riwaya sasa imekubali. Asubuhi unazisoma. Mama mkwe uliyemwona mkali jana, leo anahutubia. Aya ya mvua imejaa vivumishi. Ile sentensi uliyoisoma mara mbili kwa sauti kwa kuipenda ndiyo inayostahili kufutwa kwanza. Hapo moyo unashuka kweli. Lakini mshuko huo una dawa, na dawa iko mkononi mwako. Unakata, unaandika upya, na kufika adhuhuri mama mkwe hahutubii tena. Anamtazama mkwewe akiingia, anauliza neno moja tu, "Umekula?", na ugomvi wote wa nyumba ile unasikika ndani yake. Furaha ya saa hiyo haipungui hata kama hakuna anayeijua. Mwandishi anayejisoma asubuhi na asishtuke hata kidogo ndiye ninayemwonea wasiwasi.

Kungoja hakuna dawa ya namna hiyo. Muswada ukishatoka mkononi, umekuwa wa watu. Mwezi wa kwanza una matumaini, pengine umeshaanza hata kutunga ukurasa wa shukrani. Simu ikiita kwa namba usiyoijua, unaikimbilia. Baadaye unaifungua tena na tena ile barua pepe moja ya mhariri, "Tumeupokea, tutawasiliana nawe," ukiipekua kama kuna kilichofichika humo. Ukimya hauna maelezo, kwa hiyo mwandishi huujazia maelezo yake, na karibu kila mara hujihukumu mwenyewe: sina kipaji, nimepoteza miaka, bora nifanye biashara. Kumbe huenda muswada uko chini ya rundo kwa sababu mhariri ni mmoja, msimu ni wa vitabu vya kiada, na mchapishaji anahofia riwaya ambayo haijaingia kwenye orodha ya vitabu teule vya shule. Hizo ni sababu za biashara ya vitabu. Hazijagusa hata aya moja ya kazi yako.

Naomba tukae kidogo kwa mshairi Abdilatif Abdalla, maana kisa chake kinasema mengi kuliko nasaha zangu. Mwaka 1968, akiwa kijana wa Mombasa mwenye umri wa miaka ishirini na kitu, aliandika kijikaratasi cha siasa, "Kenya: Twendapi?" Alifungwa kwa ajili yake kuanzia 1969 hadi 1972. Gerezani alitunga mashairi akayaandika kwenye karatasi za chooni, na yakatolewa nje kwa siri. Mwaka 1973 yalichapishwa kwa jina la "Sauti ya Dhiki". Mwaka 1974 diwani hiyo ikapewa tuzo ya fasihi iliyobeba jina la Jomo Kenyatta, yaani jina la rais ambaye serikali yake ndiyo iliyomfunga. Mshairi mwenyewe wakati huo alikuwa anaishi Dar es Salaam, nje ya nchi yake.

Jiulizeni: angeichukua hukumu ya 1969 kuwa kipimo cha thamani yake, angekuwa nani mwaka 1974? Na angeichukua tuzo ile kuwa kipimo, angeielezaje miaka ya kifungo? Beti zilikuwa zilezile. Kilichobadilika ni walioko nje ya beti hizo. Nionavyo mimi, alipokuwa peke yake na kipande cha karatasi, bila mchapishaji wala ahadi, ndipo kazi ilipofanyika. Yaliyofuata, hata yale ya heri, yalikuja kwa saa yake.

Euphrase Kezilahabi naye alikuwa bado kijana "Rosa Mistika" ilipotoka mwaka 1971. Riwaya hiyo ilipigwa marufuku mashuleni kwa kuusema waziwazi unyonge wa msichana mbele ya wanaume wanaomtumia. Leo hakuna anayefundisha riwaya ya Kiswahili kwa dhati akaipita kimya. Tamthilia yake ya "Kaptula la Marx" aliiandika mwishoni mwa miaka ya 1970, lakini kama kitabu ilitoka mwaka 1999. Miaka ishirini hivi, tamthilia iliyokuwa inaisema siasa ya siku zile! Hakukaa akiitazama. Katikati ya miaka hiyo zilitoka "Gamba la Nyoka", "Nagona" na "Mzingile". Kezilahabi alifariki Januari 2020, na tafsiri ya Kiingereza ya "Rosa Mistika" imetoka 2025. Shaaban Robert naye alifariki 1962, na riwaya zake "Kufikirika" na "Utubora Mkulima" zikachapishwa 1967 na 1968. Kuna majibu ambayo mwandishi hatayasikia kamwe, na kwa hakika hili ndilo jambo gumu kuliko yote ninayowaletea leo.

Abdulrazak Gurnah aliyasikia, ila kwa kuchelewa. Aliondoka Zanzibar akiwa na miaka 18. Riwaya yake ya kwanza ilitoka 1987, na "Paradise" ya 1994 ikaingia kwenye orodha fupi ya tuzo ya Booker. Baada ya hapo aliendelea kufundisha chuo kikuu hadi alipostaafu, na kuandika, kitabu baada ya kitabu, hadi Oktoba 2021. Simu ya kumpa habari za tuzo ya Nobel ya Fasihi ilimkuta jikoni, akadhani ni wauzaji wa bidhaa kwa simu. Mwaka uliofuata "Paradise" ikaja kwetu kwa Kiswahili kwa jina la "Peponi", kwa kazi ya Ida Hadjivayanis na wachapishaji Mkuki na Nyota. Kutoka riwaya ya kwanza hadi simu ile ni miaka 34. Hakuna mwandishi anayeweza kuishi miaka 34 kwa kungoja simu. Aliishi kwa kuandika.

Msidhani kitabu kikitoka kungoja kumekwisha. Siku boksi linapofika unalikata utepe kwa kisu cha jikoni, unafungua kurasa kwa kubahatisha, na jicho linatua moja kwa moja kwenye kosa la chapa. Uzinduzi unapita, picha zinapigwa, wiki inayofuata nyumba iko kimya na hujui ufanye nini na mikono yako. Kisha unaanza kungoja tahakiki, na kungoja mrahaba. Siku moja unakikuta kitabu chako kwenye steshenari jirani na chuo, kimetolewa kopi na kubanwa pini, au kinazunguka kwenye makundi ya WhatsApp. Unaibiwa na unasomwa kwa wakati mmoja. Hasira yako ni halali, ipeleke kwa mchapishaji wako na kwenye ofisi ya hakimiliki. Furaha ya kwamba kuna mwanafunzi aliyekitafuta nayo ni halali, na hulazimiki kuikana ili hasira ionekane ya kweli.

Nitakuwa mfupi kwenye ushauri. Anza kazi ya pili kabla hujautuma muswada wa kwanza. Andika tarehe uliyoutuma, na ikipita miezi sita bila jibu, uliza kwa adabu; kuuliza si utovu wa heshima. Wachapishaji mlioko hapa, nawasihi kwa moyo wote: barua ya mistari miwili ya kusema hapana ni hisani kubwa kuliko mwaka mzima wa ukimya. Pia kuna huzuni ambayo si ya uandishi hata ikivaa nguo zake. Usingizi ukikatika wiki kadhaa, hamu ya chakula ikapotea, ukaanza kujiona mzigo kwa wenzako, hiyo yaweza kuwa sonona. Sonona inatibika. Nenda hospitali kama ambavyo ungekwenda kwa malaria, na mwambie mtu mmoja wa nyumbani.

Baada ya chai tutakaa watatu watatu. Kila mmoja atoe kurasa mbili za kazi ambayo bado haijatumwa popote. Msomaji aanze kwa kusema ni wapi aliposita na ni wapi alipotaka kuendelea, na mwenye kurasa asijitetee, aandike tu anachoambiwa. Waliokuja bila muswada, karatasi ziko mezani kwa katibu, na tuna nusu saa kabla ya kengele.