Picha Mbili za Korongo Moja: Tuangalie Mwanga Kwanza

(Hotuba ya mratibu wa miradi ya dayosisi kwa kamati za miradi za sharika)





Taarifa nyingi za upandaji miti na kuzuia mmomonyoko huja na picha mbili: ya kabla na ya baada ya mradi. Kwa mfadhili aliye mbali, picha hizo ndizo macho yake. Basi tukumbushane kwamba kamera hunasa mwanga tu, na mwanga hubadilika hata pale ambapo ardhi haijabadilika.

Chukueni korongo lililowekewa makinga maji. Likipigwa picha saa moja asubuhi, jua likiwa chini, kila ufa una kivuli kirefu na korongo linatisha. Likipigwa saa sita mchana, vivuli vimekwisha na ardhi inaonekana kama imepona. Hakuna jiwe lililosogezwa. Mpiga picha hakudanganya, lakini msomaji amedanganyika.

Saa ileile peke yake haitoshi. Huku kaskazini mwa Tanzania, mwezi Juni jua la mchana hupita upande wa kaskazini. Desemba hupita kusini. Mteremko unaotazama kusini, uliofifia katika picha ya Juni, utang'aa katika picha ya Desemba. Ongezeni vumbi la kiangazi na majani mabichi baada ya mvua.

Mfano mkubwa ni Kilimanjaro. Picha za setilaiti za NASA za Februari 1993 na Februari 2000 zilisambaa sana, kwa sababu weupe wa kilele ulionekana kupungua mno katika miaka 7. Lakini sehemu ya weupe wa 1993 ilikuwa theluji ya msimu, ambayo huanguka na kuyeyuka upesi. Barafu yenyewe imepungua kweli: mwaka 1912 ilikuwa na eneo la kilometa za mraba 12 hivi, na mwaka 2000 ilibaki takriban 2.5. Hayo yalijulikana kwa kupima kingo za barafu, si kwa kutazama weupe.

Kwa hiyo naziomba kamati zifanye haya:

1. Simikeni jiwe la alama mahali pa kupigia picha, na picha ionyeshe kitu kisichohama, kama mwamba au kona ya jengo.
2. Pigeni mwezi uleule, saa ileile, na fimbo ya mita moja isimame ndani ya picha.
3. Andikeni tarehe, saa, na siku mvua iliponyesha mara ya mwisho.
4. Kabla ya kulinganisha, tazameni vivuli. Visipofanana kwa urefu na upande, msihukumu kwa rangi. Hesabuni miche iliyo hai na pimeni kina cha korongo.

Kishawishi cha kuchagua picha yenye mwanga mzuri ni kikubwa, hasa fedha za awamu ya pili zinaposubiri taarifa. Lakini korongo lisilopona litaendelea kula shamba la mjane, hata picha yake ikipendeza. Nanyi wafadhili wetu, mkiletewa picha nzuri, ulizeni ilipigwa saa ngapi na mwezi gani. Sisi tuwe tayari kujibu.