Kinga dhidi ya Homa ya Mafua: Watoto na Watu Wazima

Kinga ya mtu dhidi ya virusi vya influenza, yaani homa ya mafua, hutegemea umri wake, lakini hutegemea zaidi virusi ambavyo mwili wake umewahi kukutana navyo, na hasa kile cha kwanza. Mtoto wa miaka miwili na mama yake wanaweza kuambukizwa kirusi kimoja katika juma moja, mama akaumwa kichwa na viungo kwa siku chache, mtoto akapata homa kali na kuendelea kuwaambukiza wengine baada ya mama kupona.

Virusi vinavyowaambukiza watu kila mwaka ni vya aina A na B. Aina A hugawanywa kwa protini mbili za juu ya kirusi: hemaglutinini, ambayo kirusi hutumia kushika seli za njia ya hewa, na nyuraminidasi, inayosaidia virusi vipya kuachana na seli vilimozaliwa. Ndiyo asili ya majina kama H1N1 na H3N2. Kingamwili zenye nguvu zaidi hukamata kichwa cha hemaglutinini, na kwa bahati mbaya hapo ndipo kirusi hubadilika upesi zaidi. Mtu aliyepona mwaka juzi anaweza kuugua tena, si kwa sababu mwili umesahau, bali kwa sababu kinachoingia sasa hakifanani vya kutosha na kile unachokikumbuka.

Mtoto mchanga huanza maisha kwa kinga ya kuazima. Kingamwili za mama hupita kwenye kondo la nyuma, hasa katika miezi mitatu ya mwisho ya ujauzito, na maziwa yake huongeza nyingine zinazolinda utando wa pua na koo. Akiba hii hupungua upesi, na chanjo za homa ya mafua hazitolewi kabla ya miezi sita. Njia iliyobaki ni kumchanja mama. Katika utafiti uliofanyika Soweto, Afrika Kusini, mwaka 2011 na 2012, chanjo kwa wajawazito wasio na VVU ilipunguza homa ya mafua iliyothibitishwa kwa karibu nusu, kwa mama na kwa watoto wao pia. Nchini Mali, utafiti kama huo ulionyesha kwamba ulinzi wa mtoto huwa imara zaidi katika miezi minne ya kwanza, kisha hufifia.

Akiba ya mama ikiisha, mtoto hubaki bila kumbukumbu yake mwenyewe. Mwili unaoona hemaglutinini kwa mara ya kwanza huhitaji wiki moja hadi mbili kutengeneza kingamwili za kutosha, na katika muda huo kirusi huongezeka karibu bila kizuizi. Mtu mzima kwa kawaida hutoa virusi kwa siku tano hadi saba; mtoto mdogo anaweza kuvitoa kwa siku kumi au zaidi. Shirika la Afya Duniani limekadiria kuwa kila mwaka huambukizwa asilimia 20 hadi 30 ya watoto, dhidi ya asilimia 5 hadi 10 ya watu wazima. Kwa sababu hiyohiyo, mtoto wa kati ya miezi sita na miaka minane anayechanjwa kwa mara ya kwanza hupewa dozi mbili zilizoachana kwa angalau wiki nne: ya kwanza huufundisha mwili, ya pili huuimarisha.

Hata hivyo, si haki kuiita kinga ya mtoto dhaifu. Kinga hiyo ni mpya, na upya una faida zake. Chanjo ya kupulizwa puani, yenye virusi hai vilivyopunguzwa makali, hufanya kazi vizuri kwa watoto kwa kuwa virusi hivyo hupata nafasi ya kuzaliana kidogo na kuamsha kinga. Kwa watu wazima wengi, kinga ya zamani huvizima kabla havijafika mbali.

Mtu mzima ana seli B za kumbukumbu, ambazo huzalisha kingamwili, kutokana na maambukizi mengi. Ana pia seli T zinazotambua protini za ndani ya kirusi, ambazo hazibadiliki sana. Seli T hazizuii maambukizi kuingia, lakini hupunguza ukali wa ugonjwa. Hata hivyo kumbukumbu hii ina upendeleo. Thomas Francis, mtafiti wa Marekani, alieleza mwaka 1960 kwamba kingamwili za watu wa kila rika huelekea zaidi kwenye virusi vilivyowashika utotoni. Kila maambukizi mapya huamsha kwanza kumbukumbu ya zamani, hata pale isipolingana vizuri na mgeni aliyeingia.

Historia ya milipuko inathibitisha jambo hili kwa namna ya kushangaza. H1N1 ilienea kati ya watu kuanzia 1918 hadi 1957, ilipochukuliwa nafasi na H2N2. Mwaka 1968 ikaja H3N2. H1N1 iliporudi mwaka 1977, waliougua walikuwa zaidi vijana wa chini ya miaka 25 hivi, kwani wakubwa wao walikuwa wameijua. Mwaka 2009 H1N1 mpya, yenye asili ya nguruwe, ilipozunguka dunia na kufika Kenya na Tanzania, watoto na vijana waliambukizwa kwa wingi, ilhali wazee wengi wa zaidi ya miaka 60 walikuwa na kingamwili zilizokikamata kirusi hicho, urithi wa virusi vya utoto wao.

Virusi vya ndege vimetoa ushahidi ulio wazi zaidi. Hemaglutinini zote za aina A hugawanyika katika makundi mawili: H1, H2 na H5 ziko katika kundi moja, H3 na H7 katika jingine. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kuwa H5N1 iliwaumiza zaidi waliozaliwa baada ya 1968, na H7N9, iliyoibuka China mwaka 2013, iliwaumiza zaidi waliozaliwa kabla yake. Katika kila rika, kirusi cha kwanza cha utotoni kilikuwa kimewalinda watu dhidi ya jamaa zake wa kundi moja ambao watu hao hawakuwahi kukutana nao. Ndiyo maana mwaka wa kuzaliwa unastahili kuandikwa katika kila takwimu ya ufuatiliaji wa homa ya mafua, badala ya kutosheka na makundi mapana ya umri.

Uzeeni kumbukumbu hubaki, ila nguvu ya kuitumia hupungua. Tezi ya thaimasi inayokomaza seli T huwa imenyauka siku nyingi, na chanjo ya kawaida huamsha kingamwili chache. Baadhi ya nchi huwapa watu wa miaka 65 na zaidi chanjo yenye antijeni, yaani protini ya kirusi inayoamsha kinga, mara nne ya kiwango cha kawaida.

Kwa kuwa mtoto ndiye mwenezaji mkuu na mzee ndiye afaye zaidi, ulinzi wa mmoja unaweza kupitia kwa mwingine. Nchini Kanada, katika jumuiya za kidini za Wahutteri, kuchanja watoto wa miaka 3 hadi 15 kuliwakinga wasiochanjwa kwa asilimia 61, kama utafiti wa mwaka 2010 ulivyoonyesha. Mpango wa aina hiyo huhitaji dozi nyingi kila mwaka. Katika Afrika Mashariki, ambako virusi huzunguka karibu mwaka mzima na dozi ni chache, wajawazito wanapaswa kutangulia, kama Shirika la Afya Duniani lilivyopendekeza mwaka 2012: kliniki za wajawazito tayari zipo, na sindano moja hulinda watu wawili.